Mistari ya Kijani kwa Écran ya Yaya Émilienne

Yaya Émilienne, dada yangu mukubwa, alinipigia simu Ijumaa saa moja na nusu ya asubuhi, hata jambo hakusema.

"Shukuru, kuya utoe ujinga yako kwa masini yangu."

"Ujinga gani tena?"

"Ile mistari. Iko kijani, iko zambarau, inacheza-cheza. Leo siko na nafasi ya kucheka. Unasikia? Kuya utoe."

Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa kichwa ya mama yangu. Hakuamini hata moja, na mi sikumulaumu. Mwaka jana nilifungua ordinateur yake, ile kompyuta ya kazi, nikaweka kwa écran picha ya kioo yenye imepasuka, kisha nikakaa kwa kiti nikimuangalia venye analia, mpaka bwana yake Roger alinifukuza na kandambili mukononi. Muntu mwenye alishafanya vile, siku masini inagonjwa kweli, anaitwa wa kwanza. Anaitwa kama mwizi, siyo kama fundi.

Nilitia laptop yangu mu sakosh, na tournevis mbili za kufungua skurubu, na brosi ya meno ya zamani, nikapanda pikipiki.

Yaya Émilienne anatengenezaka film za harusi. Hapa Baraka, ukimuona bibi-harusi anatoka kanisani, angalia upande: yaya iko pale na kamera yake, anatembea kinyumenyume. Na ile Ijumaa alikuwa na film moja yenye ilipashwa kutoka ile siku ile ile. Ni ya Tania, mwenye aliolewa Jumamosi yenye ilipita. Baba yake Tania iko Kazimia, miguu ilikataa, hakuweza kupanda boti kukuya ku harusi ya binti yake wa mwisho. Sasa Tania na bwana yake balikuwa banashuka Kazimia na boti ya saa kumi na moja ile jioni, na kutoka pale banaendelea Kalemie kwenye bwana anafanya kazi. Kama film haiingie mu ile boti, muzee hataona kintu. Tania mwenyewe alishamuambia yaya: "Baba hana siku nyingi tena."

Film ilikuwa imeisha kukatwa na kuunganishwa. Ilibakia tu kuitoa, ile kazi yenye masini inafanyaka yenyewe, we unaangalia namba inapanda mpaka mia moja. Lakini tangu Alhamisi, ikifika kumi na mbili, mistari. Kisha giza. Ventilateur, zile feni za ndani, zinaendelea kulia, écran hakuna.

Nilikuta mulango wazi. Ndani ya salon, Mama Roger, mama mukwe wake yaya, alikuwa amekaa kwa fotei kubwa anachambua maharagi. Alifika Jumatano kutoka Nundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njo we ule mutani?"

"Njo mi, mama. Lakini leo nimekuya na adabu."

"Tutaona," alisema, akatupa jiwe moja ndani ya kikopo.

Yaya alinishika mukono akanisimamisha mbele ya meza. "Angalia. Na usicheke."

Masini ilikuwa imevaa. Ni lazima nieleze ile. Mwaka Mupya, Mama Roger alituma robe ya kroshe, nguo ya manyuzi ya manjano na ya kijani, alishona kwa kipimo ya ordinateur: mulango kidogo kwa button ya kuwasha, tundu kwa nyuma ya kupitisha macâble, na frange, zile nyuzi za mapambo, zinaninginia pembeni kama kanzu ya Pasaka. Ilikuwa kazi nzuri sana. Na kwetu, kintu ya mama mukwe haikaake mu sanduku. Kama alikupa sahani, siku anafika atakula mu ile sahani. Kama alikupa kitenge, siku anafika utaivaa. Na kama alikupa robe ya ordinateur, ordinateur itavaa. Na juu ya bamama-wadogo ba Roger banapitaka pale kila siku bila kupiga hodi, yaya hakuitoake kabisa, hata akifanya kazi.

Mi pia niliiona, na sikuwaza kintu. Nilisoma informatique, mambo ya kompyuta, miaka tatu na nusu Bukavu, sikuwaza kintu. Niliona tu nguo.

Tuliwasha. Dakika mbili, picha safi. Yaya akaanza kutoa film. Ilifika tisa, mistari ya kijani ikashuka kama mvua, na viraka vya zambarau juu ya uso ya Tania. Kumi na mbili, giza.

"Umeona? Toa sasa."

"Yaya, siyo mi."

"Shukuru!"

"Basi tuanze na écran. Kama ni écran, siyo mi. Kama ni câble, siyo mi. Tutafukuza moja kwa moja, na mwenye atabakia, njo mwizi."

Niliunganisha écran yake na laptop yangu. Picha safi, robo saa muzima, hata mustari moja. Kwa hiyo écran ilikuwa nzima. Câble pia ilikuwa nzima, juu nilitumikisha ile ile. Yaya alisema pengine ni courant, ule umeme. Niliangalia kwa régulateur, ile kipimo ya umeme wa panneau za jua: jua lilikuwa limeshapanda, sindano ilisimama kati bila kutetemeka. Na tena, courant ikiwa mubaya masini inazima yote. Hii haikuzima. Ilipofuka tu.

"Kwa nini usifanye kazi na ile laptop yako?" Mama Roger aliuliza. Alikuwa anafwata yote.

"Mama, hii laptop yangu ni ya kuandika barua. Ukiipa film ya masaa mbili itakufa mbele ya ile ingine."

"Hm."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilizima, nikachomoa, nikavua ile robe polepole, nikaikunja juu ya kiti. Niliona Mama Roger ananiangalia mukono. Nikafungua ubavu ya masini na tournevis.

Ndani kulikuwa na vumbi, ile ya kawaida ya Baraka. Lakini carte graphique, ile kipande yenye inachoraka picha kwa écran, ilikuwa na ventilateur yake kidogo. Nilisukuma na kidole. Ilikataa. Niliinamisha kichwa, nikawasha taa ya simu.

Uzi. Umejifunga kwa shingo ya ventilateur, mara tano, mara sita, umekazwa kama kamba ya mutumbwi. Wa manjano, na wa kijani.

Ventilateur ilikuwa imevuta frange kupitia matundu ya ubavu, kidogo kidogo, tangu Mwaka Mupya.

Niliinua macho. Yaya Émilienne alikuwa amesimama nyuma ya fotei ya mama mukwe wake, na yeye aliona rangi. Alinitolea macho makubwa, akatikisa kichwa: apana, apana, apana.

"Kuna nini ndani?" Mama Roger aliuliza.

"Vumbi, mama," nilisema. Mi ni muongo muzuri, ilitoka bila shida.

Nilichomoa carte, nikakata ule uzi na wembe, nikaufinyanga mu mukono, nikautia mu mufuko. Nikapiga brosi ya meno kila mahali. Ventilateur ikazunguka. Nilirudisha carte, nikawasha, tukajaribu. Mistari ilirudi kwa namba tano. Carte ilishaungua ndani, miezi mingi bila upepo. Kuisafisha sasa ilikuwa kama kumupatia maji muntu mwenye tumeshazika.

Nikatoa carte kabisa, nikaiweka juu ya meza. Kisha nikachomeka câble ya écran kwa tundu ingine yenye iko kwa nyuma ya masini yenyewe. Zile masini zingine ziko na macho ya pili, madogo, ndani ya processeur, ile ubongo ya masini. Siyo zote. Niliwasha, nikainama karibu na écran.

Picha. Safi. Nikamuacha yaya afungue film, apeleke mbele, arudishe nyuma. Hakuna mustari.

"Kwa hiyo ilikuwa carte," yaya alisema. Sauti yake ilishuka. "Haikuwa we."

"Haikuwa mi."

"Na film itatoka?"

"Itatoka polepole. Processeur itafanya kazi ya bantu babili. Masaa ine na nusu hivi."

Tuliangalia saa. Saa tano kamili. Tukianza pale pale, saa tisa na nusu, saa kumi. Boti saa kumi na moja. Yaya alibonyeza. Namba ikaanza: sifuri, sifuri, moja.

"Sasa kama mumemaliza," Mama Roger alisema, "muivalishe. Isikae uchi mbele ya bageni."

Yaya aliamka mbio. "Ndiyo mama." Alikamata robe, akaivalisha, akafunga kamba za nyuma, akanyoosha frange. Nilikuwa na programe kidogo kwa kona ya écran yenye inaonyeshaka joto ya processeur. Ilikuwa sitini na mbili. Dakika tano, sabini na moja. Dakika kumi, themanini na tatu. Film ilikuwa bado kwa tatu. Ikifika mia, masini inajizima yenyewe, na film inaanza upya kutoka sifuri.

Nilimunong'oneza yaya: "Itoe."

"Siwezi."

"Itazima."

"Shukuru, ule ni mama mukwe. Alishona wiki tatu. Unataka nimuambie nini?"

"Munaongea nini kule?" Mama Roger aliuliza.

Nilitafuta uongo. Kwa kawaida ziko zinanijia zenyewe, zinapanga mustari. Ile siku nilipata moja tu, ya kipumbavu, na namba ikapanda themanini na sita. Nikatoa ule uzi mu mufuko, nikaenda kupiga magoti mbele ya fotei, nikauweka juu ya maharagi.

"Mama, nilikudanganya. Haikuwa vumbi. Frange za robe ziliingia ndani zikafunga ventilateur. Carte ilikufa juu ya ile. Na sasa robe inafunika ile yenye ilibakia."

Mama Roger aliangalia uzi. Aliniangalia. Kisha akacheka kwa nguvu, maharagi yakaruka.

"Ee! Baliniambia! Baliniambia huyu mutoto hana dawa! Ulikata uzi yangu unanifanyia muchezo?"

"Mama, siyo muchezo."

"Na ule écran wa kupasuka haikuwa muchezo?"

"Ile ilikuwa."

"Na huu?"

"Huu siyo."

"Njo venye ungesema hata kama ni muchezo."

Alikuwa na haki. Nikamuomba kintu kimoja: akuye aangalie namba. Alikuya, anashika kiuno, anaendelea kucheka kidogo. Nilimuonyesha na kidole. Themanini na tisa.

"Hii ni nini?"

"Ni joto yake, mama. Kama ile ya kipima-homa."

Kicheko kilikatika. Namba ikabadilika mbele yake: tisini. Kisha tisini na moja. Mama Roger aliweka mukono kwa mugongo ya masini, juu ya kroshe, akautoa haraka. Akarudisha tena, kama muntu mwenye anapima paji ya uso ya mutoto.

"Iko na homa," alisema.

"Ndiyo mama."

"Iko na homa, na mumeifunika?" Aligeuka akamukuta yaya. "Émilienne! Mi nilizunguka Nundu nyumba kwa nyumba miaka kumi na mbili na bantu ba afya ba centre de santé. Kila mama nilimuambia kintu moja. Mutoto iko na homa, unafanya nini?"

"Namuvua nguo, mama."

"Na hii?"

Mama Roger mwenyewe alifungua kamba, akavuta robe juu, akaikunja mara ine. Aliichukua akaenda kuiweka chini ya sakosh yake. Kisha akaomba carton, akakaa mbele ya ordinateur anaipepea.

Tisini na moja. Themanini na nane. Themanini. Sabini na ine, na pale ikatulia. Film ilikuwa kwa saba.

Alipepea nusu saa nzima. Kisha Mama Roger, bila kugeuka:

"Émilienne, kama ungejua mbele kama ni robe, ungeniambia?"

Yaya aliangalia chini. "Apana, mama."

"Njo ile inaniuma. Carte, carte tutazungumuza."

Hakupandisha sauti. Yaya alienda jikoni, akakaa kule muda mrefu, akarudi na chai, akamupa Mama Roger wa kwanza, na mikono mbili.

Tulikula maharagi pale pale, mbele ya namba. Saa nane wingu lilipita na mi nilisimama karibu na régulateur kama askari, lakini batri ilibeba. Arobaini, hamsini na tano. Mama Roger alikataza bantu kufungua mulango kwa nguvu. Bamama-wadogo babili balipita, balisimama kwa mulango, moja akauliza robe iko wapi.

"Iko inafuliwa," Mama Roger alisema. Aliniangalia pembeni. Sikucheka.

Saa kumi kasoro dakika tisa, mia moja.

Yaya alifungua film mwanzo, ikacheza. Akafungua mwisho, ikacheza. Kisha akaenda katikati, kwenye Tania amesimama inje ya kanisa na anageuka kwa kamera: "Baba, jambo. Unaona robe yangu? Ni ile rangi ulisema." Yaya aliongeza sauti kidogo, akasikiliza mpaka mwisho, akazima. Alikopi mu clé mbili, zile flashi za USB, moja akaitia mu mufuko ya nguo, ingine akaifunga mu kona ya kitenge, na akatoka anakimbia kutafuta pikipiki.

Jumapili kisha misa Tania alipiga simu kutoka Kazimia. Yaya aliweka sauti kubwa ili sisi wote tusikie. Muzee aliangalia mara mbili kwa televizio ya jirani, Tania alisema, mara ya pili alifukuza batoto inje juu banapiga kelele. Lakini muzee alikuwa na lalamiko moja.

"Lalamiko gani?" yaya aliuliza, na niliona anashika meza.

"Anasema mulikata shangazi yangu wakati anacheza. Anasema ile ngoma ilikuwa ndefu kuliko ile, na yeye hana haraka ya kwenda popote."