Pima Kumi za Ukili

"Ukili wa pima kumi ni kazi ya wiki moja kwa mtu mwenye vidole," alisema Zubeir. "Na mimi ninavyo kumi, vyote vizima. Ijumaa mkija hapa mtaukuta umeshakunjwa, unawangojea nyinyi."

Aliyasema hayo mbele ya wanawake sita, kisha akainuka kwenda kunywa maji. Ilikuwa mara ya nne tangu alasiri kuingia.

"Huyo," alisema Mahfudha bila kuinua macho kwenye kazi yake, "akisuka pima kumi, mimi nitaolewa na gavana wa benki."

"Basi anza kutafuta hina," Zubeir alimjibu kutoka mtungini.

Wanawake wakacheka, na mikono yao haikusimama. Ndivyo walivyokuwa watu wa kikao cha Bi Kaltuma: kinywa kwake, mkono kwake. Kila siku baada ya sala ya alasiri walikutana uani kwake, Shela ya Malindi, wakatandika mkeka mkubwa, kila mmoja na fungu lake la miyaa, majani membamba ya mkoma yaliyorowekwa yakalainika. Hawakuwa wauzaji. Wenye kuuza walikuwa kule njia ya mahoteli, wakiwafukuzia Wataliani na vikapu vyenye maandishi. Hawa walisuka kwa sababu mkono uliozoea ukili ukikaa bure humchokoza mwenyewe. Wakisha kusuka ule utepe mrefu wa miyaa, waliushona kwa shazia, ile sindano nene, duara juu ya duara, mpaka ukawa kikapu. Vingine walivitumia sokoni, vingine waliwapa majirani, na vingine vilitundikwa tu jikoni vikafukizwa moshi. Ilikuwa ndiyo miaka ile mifuko ya nailoni ilipoanza kuzagaa madukani, na Bi Kaltuma alikuwa akiiita vibofu.

Zubeir alikuwa mwanamume pekee mkekani. Alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, akaandika barua za kuomba kazi katika kila ofisi yenye mlango, kutoka Kilifi hadi Lamu, na mpaka siku ile aliyemjibu ni mmoja, naye alimrudishia barua yake kwa kuwa stempu haikutosha. Tangu hapo hakukalika. Akikaa barazani, goti lilimchezacheza. Akilala, aligeuka kama chapati. Alienda ufukweni akarudi kabla hajafika. Mama yake alimtuma siku moja kumpelekea Bi Kaltuma fungu la miyaa, akakaa kidogo kungojea ahsante, akaokota miyaa minne iliyotupwa, akaanza kuipishanisha kama alivyowaona wenziwe wakifanya. Alipostuka, adhana ya magharibi ilikuwa inalia. Saa nzima ilikuwa imepita na hakuinuka hata mara moja.

Hilo hakumwambia mtu. Vijana wenziwe wa pale kituo cha mabasi walipomwita Bi Zubeir, aliwaambia amekwenda kutafuta mchumba, na kwamba mvuvi mwerevu huingia baharini, hakai pwani akapiga miluzi. Ukweli ni kwamba alitaka ile saa irudi. Mara nyingine ilirudi, mara nyingi haikurudi, lakini hakujua mahali pengine pa kuitafutia.

Na kikao kilikuwa na kanuni yake. Mgeni hukaa miezi miwili akiwachania wenyewe miyaa na kuiroweka. Baada ya hapo huleta ukili wa pima kumi, wa mkono wake mwenyewe, usioguswa na mkono mwingine. Ukikubaliwa, hupewa mahali pake mkekani, na hapo mahali hapakaliwi na mtu mwingine, hata ukiwa mgonjwa, hata ukisafiri. Ukikataliwa, huonekani tena uani mpaka mwaka ugeuke. Mwaka mzima. Zubeir, aliyekwisha kuitimiza ile miezi miwili, aliufikiria mwaka mzima wa goti lile, akaona bora asuke.

Siku ya kwanza alisuka nusu ya pima. Ilikuwa nzuri, alaa, hata yeye aliishangaa. Akainuka kwenda kumwonyesha rafiki yake Stambuli, akamkuta anakwenda kutazama mpira, wakaenda wote. Siku ya pili alifungua akaona ukili umelegea, akaufumua, akasuka upya, akaufumua tena. Siku ya tatu alisuka amesimama. Siku ya nne alisuka huku akitembea chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, na ukili ukatoka vivyo hivyo, huku mpana huku mwembamba, kama nyoka aliyemeza mayai kwa vituo. Kila alipokaribia ile saa yake tulivu, kitu kilimwambia: siku zinakwisha, hesabu. Akihesabu, vidole vinapotea. Siku ya tano alikuwa na pima mbili zisizotazamika, akazianika uani zikauke, na mbuzi wa jirani akazila. Zubeir alimtazama yule mbuzi akitafuna. Hakumfukuza. Alihisi kwamba angalau kuna mtu aliyeikubali kazi yake.

Kesho yake, Jumatano, alizunguka soko zima bila ya haja. Huko ndiko alikomwona Kadii.

Alikuwa mama wa Kigiriama kutoka Kakuyuni, mfupi, mkakamavu, amefunga hando la marinda kiunoni, anauza miyaa mibichi kwa mafungu. Wateja walipokuwa wachache alisuka. Hakuitazama mikono yake. Alitazama watu wakipita, akajibu salamu, akafukuza nzi, na ukili ulimtoka mkononi kama maji ya mfereji, sawasawa, umebana, ukajikunja pajani pake duru baada ya duru.

"Shikamoo mama. Huo wauza?"

"Marahaba. Miyaa ndiyo nauza. Huu ni wangu, wa kujifurahisha."

"Una pima ngapi?"

Kadii aliukunjua akaupima hapo hapo, mikono akiitanua kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ikafika tisa na kitu. "Nikikaa kidogo zitakuwa kumi," alisema. "Kwa nini?"

Zubeir alichutama. Goti likaanza. "Mama, nipe huo ukili, nami nitakufanyia kazi yoyote. Nalima, nabeba, naimba arusini."

"Unajua kuandika?"

"Hiyo ndiyo kazi niliyosomeshwa."

Uso wa Kadii ulibadilika. Mwanawe Ngala, alisema, alikuwa kibarua katika mashamba ya chumvi ya Marereni, na tangu mavuno yaliyopita hakuleta neno. Kulikuwa na lori la chumvi linalopita kila Alhamisi, dereva wake alimjua, angemfikishia barua. Tatizo ni mwandishi. Waliopo kijijini waliandika mistari mitatu wakadai imetosha.

Basi Zubeir alinunua karatasi na bahasha, akakaa juu ya gunia tupu, akaandika. Kadii alisema na yeye akaandika: habari za mbuzi, za dada, za paa lililovuja, za mjomba Dzombo na jino lake, na mwisho kwamba mama hakutaka chochote, alitaka tu kujua kama anakula. Kurasa mbili zilijaa, pembeni pia. Zubeir hakuinuka hata kunywa maji, wala hakujua kwamba hakuinuka.

Kadii alimalizia ukili wake, akaupima tena, kumi, akamkabidhi.

"Wa kufanyia nini, mwanangu?"

"Kuna mama mmoja Shela, Bi Kaltuma, mrefu kama mnazi. Ijumaa ataupima kwa mikono yake mwenyewe, uani kwake, nyuma ya duka la Omar Mafuta."

"Ahaa," alisema Kadii. Akaitia barua kifuani.

Ijumaa alasiri Zubeir aliingia uani na ukili begani kama askari aliyevishwa cheo. Aliutupa katikati ya mkeka.

"Mahfudha, gavana ameshakata suti?"

Mahfudha aliuvuta mwisho mmoja akaukagua. Akaugeuza. Akaunusa, hata. "Hauna ndevu," alisema. Ndevu waliziita zile ncha za miyaa zinazochomoza pembeni, ambazo anayeanza hushindwa kuzificha. "Mwenyewe hajui kunyoa kidevu, ukili wake hauna ndevu."

"Nilizihamishia usoni."

"Umeusuka wewe?"

"Kama si mimi ni nani, jini?"

"Majini hawasuki," alisema Bi Kaltuma, "wana shughuli zao. Nipe."

Akaupokea. Alifumba macho, akaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Zubeir alihisi kama ni yeye anayepitishwa vidoleni. Alihamia mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akarekebisha kofia iliyokuwa imekaa sawa.

"Huu ni mkono mzuri," alisema Bi Kaltuma akafumbua macho. "Nimesuka miaka arubaini na sikuchukia kuushika. Mwanangu, nilikudhania vibaya. Unisamehe."

Hapo Zubeir angependa atukanwe. Matusi angejua pa kuyaweka. Alifungua kinywa atoe mzaha, likatoka neno jingine asilolikusudia. "Ni kuzoea tu," alisema. "Ukikaa ukatulia, mkono hujiendea wenyewe. Mimi huwa siangalii hata. Natazama watu wakipita."

"Mashallah," alisema bibi mmoja.

Bi Kaltuma akainuka kupima. Alipoinuka, kivuli chake kilifika ukutani. Akatanua mikono: moja. Mbili. Tatu. Wenziwe wakahesabu pamoja naye. Nane. Tisa. Akavuta kilichobaki, nacho kikaishia kwenye kiwiko cha mkono wake wa kwanza.

"Tisa na robo."

"Haiwezekani," alisema Zubeir. "Ni kumi. Zimepimwa mara mbili."

"Zimepimwa na nani?"

"Na mimi. Kwani nani tena."

"Wewe na mimi tumelingana, Zubeir. Simama hapa." Akamsimamisha, akamnyoosha mkono ubavuni mwa wake. Vidole vilifika pamoja. Bi Kaltuma alitazama vile vidole kidogo, kisha akamwachilia. "Labda ulihesabu vibaya kwa furaha. Si neno. Ukili mzuri namna hii hatuutupi kwa robo tatu ya pima. Mpeni miyaa. Kaa hapa mbele yetu, umalizie. Mkono hujiendea wenyewe, si ndivyo?"

Mahfudha ndiye aliyemletea fungu, akamwekea mbele kwa heshima zote, kama anayemwandalia bwana harusi.

Zubeir alikaa. Alikamata mwisho wa ukili wa Kadii, akachagua mwaa, akauchomeka. Ukachomoka. Akauchomeka tena, akapishanisha, akakaza. Kikatoka kipande cha urefu wa vidole viwili, kimekaa kwenye ile kazi nyingine kama kiraka cha gunia kwenye kanzu ya Idi. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alisema jua ni kali. Likaingia nyuma ya mnazi, akasema upepo umekatika. Akasema miyaa hii haikurowekwa vizuri, nani aliyeiroweka.

"Wewe," alisema Mahfudha. "Jana."

"Basi maji ya jana."

"Usitazame mikono," alimwambia Bi Kaltuma kwa upole. "Tazama watu wakipita."

Zubeir akainua macho mlangoni. Na kweli kulikuwa na mtu anapita, ila hakupita. Alisimama kwenye kizingiti, mama mfupi aliyefunga hando, vumbi la njia ya Kakuyuni limempanda mpaka magotini, na mkononi kipande cha ukili kilichokunjwa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," walijibu wote isipokuwa mmoja.

Kadii alizitupia macho nyuso, moja baada ya nyingine, akafika kwa Bi Kaltuma aliyekuwa bado amesimama, akampima kwa macho kutoka chini hadi juu, akatikisa kichwa kama aliyethibitisha jambo.

"Ndiye wewe mama mrefu," alisema. "Nilirudi nyumbani, kulala nikashindwa. Nikasema, Kadii, umempimia yule kijana kwa vikono vyako hivi, na anakokwenda kuna mikono mingine. Haki ya mtu itapungua. Nikasuka kidogo, pima nzima, nikaona bora izidi kuliko ipungue. Yeye hakuninyima. Aliniandikia kurasa mbili, mpaka pembeni."

Akatazama chini akamwona. Uso ukamchangamka.

"Ala, kumbe uko hapa, mwanangu. Nilichelea nitakuta wameshakukataa." Akakitazama kile kipande alichokuwa Zubeir amekishika, vidole viwili vya kiraka mwishoni mwa kazi yake, akachutama akakigusa. "Nani aliyekiharibu hiki?"

Shazia ya mtu ilianguka mkekani. Zubeir alitafuta mzaha. Alitafuta mmoja tu, hata mbovu, hata wa kuazima. Mahfudha, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alijifunika mdomo na ncha ya leso akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

Bi Kaltuma alikipokea kipande kipya kwa Kadii. Akafumba macho, akakipitisha vidoleni, kisha akaurudia ule mrefu, akaupitisha nao. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisogeza fungu lake la miyaa kando na kuukung'uta mkeka kwa kiganja.

"Zubeir," alisema, "hebu mpishe mama akae."