Kumi na Nane ya Bibi Kabati

Mkaguzi wa filamu alikuwa na wivu, tena si wa kuficha kwa kitambaa. Ulimkaa kooni tangu ujana, siku alipokwenda kujaribiwa uigizaji, dada yake akamsindikiza, kumshikia mkoba tu. Mwongozaji alimsikiliza mdogo mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamgeukia mshika mkoba: "Na wewe, hebu ingia kwenye kabati hilo, halafu utoke taratibu." Basi. Dada akatoka kabatini akiwa nyota. Mpaka leo, na mvi zote zile, watu wanamwita Bibi Kabati, na wako wanaume na ndevu zao ambao hawalali mpaka wahakikishe kabati limefungwa.

Sasa filamu ile ya kutisha, ya dada na kabati, ilikuwa imesafishwa, picha na sauti, ikaletwa kwenye bodi ya ukaguzi ipangiwe upya umri wa watazamaji. Wenye filamu waliomba ishushwe kutoka miaka kumi na minane hadi kumi na miwili, ionyeshwe shuleni. Mkaguzi hakumwambia mtu kwamba Bibi Kabati ni dada yake wa tumbo moja. Wangemtoa kwenye ukaguzi, na yeye alitaka awemo. Eti kizazi kingine kizima kimpigie dada makofi? Thubutu.

Chumba cha kukagulia kilikuwa kidogo, mapazia mazito, viti vimechakaa kitambaa. Kabati lilipofunguka kwenye skrini, wenzake wawili walicheka.

"Hiki ndicho kilichowatoa watu jasho?" akasema mmoja. "Mwanangu ataiangalia huku anakula bisi."

Lakini bodi ilikuwa na desturi yake: mkaguzi hata mmoja akiogopa kweli, umri haushuki. Na huyu wetu hakuogopa hata chembe. Uso ule alikua nao, aliuona kila asubuhi ukipiga mswaki. Hata hivyo aliiachia kalamu ianguke. Akang'ang'ania kiti, pumzi zikamkatika, jasho likamtoka lenyewe. Yote aliyomwonyesha mwongozaji siku ile aliyafanya tena, na safari hii yakakubali. Taa zikawashwa. Akaletewa maji, mwenzake mmoja akampepea kwa faili, na kumi na nane ikabaki pale pale.

Alitoka kazini moyo mweupe. Jioni dada alipopiga simu, mkaguzi alikuwa ameshaipanga sauti ya kumpa pole.

"Mdogo wangu, umesikia?" Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Hawakuishusha. Walipoomba ishushwe hata chakula hakikupita, nikajua nimekwisha, nimekuwa kichekesho cha watoto. Kumbe bado natisha. Sasa wataiandika kwenye mabango: bado kumi na nane."

"Hongera, dada," akasema.

"Na nasikia kuna mkaguzi mmoja alitetemeka mpaka akapewa maji. Tangu nianze kazi hii sijasifiwa hivyo. Si mwenzako huyo? Niambie ni nani, nimshukuru."

Mkaguzi aliihamishia simu sikio la pili. Maisha yake yote aliigiza vizuri mara moja tu, na sifa zenyewe zimekwenda kule kule kwa dada.

"Hata mimi simjui, dada," akasema. "Hakuna anayemjua."