Naomba Mgeuze Kitabu

Fundi cherehani alikuwa na daftari moja tu la kazi, na yeyote aliyelifungua bila kuelekezwa alipotea. Mbele ziliandikwa oda: nani kaleta kitambaa gani, anataka kishonwe nini, atakuja kuchukua lini. Vipimo havikuwa huko. Kuviona ilibidi ulifunge daftari, ulipindue juu chini, kisha ulifungue kwa nyuma, ndipo ukutane na vifua, viuno na mabega ya mtaa mzima. Oda zilisogea kutoka mbele, vipimo vikaja kutoka nyuma, na vilipokutana katikati daftari limekwisha, linanunuliwa jingine. Wateja walicheka sana. Fundi aliwaambia wacheke tu, mradi nguo zinawakaa.

Mwandishi wa vipimo hivyo alikuwa binti yake, tangu ana miaka saba. Baba anapima na kutaja, mtoto anaandika. Kutwa alikuwa na futi ya kupimia shingoni, hata akitumwa chumvi dukani, mpaka watu wakamwita Futi na jina la kwenye cheti likabaki la walimu. Alipenda namba kuliko peremende. Baba akimwambia mteja, "Mzee, usivute tumbo, suruali itakusuta," Futi alishaongeza sentimita mbili kabla mzee hajapumua.

Huyo ndiye aliyepata alama ishirini na tisa za Hisabati katika mtihani wa kumaliza sekondari.

Masomo mengine alifaulu, tena vizuri. Lakini Futi alitaka kuwa mpimaji ardhi, na chuo cha upimaji kilikuwa kimeshamwahidi nafasi kwa sharti moja: alete Hisabati nzuri. Muhula ungeanza baada ya wiki saba. Asipoileta, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine.

"Kaombeni wasahihishe upya," alisema shangazi yake. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa fundi, na pale kibandani alisimamia vitu viwili, vifungo na mambo ya watu. "Msahihishaji naye ni binadamu. Pengine alikuwa na njaa siku hiyo."

"Shangazi, kuomba kusahihishiwa lazima uwe na sababu," Futi alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sina. Nilidhani nimefanya vizuri, kumbe najidanganya. Basi."

Alivua futi shingoni, akaitundika kwenye msumari. Fundi aliona. Angeambiwa cherehani imeibwa asingeumia hivyo. Yeye mwenyewe hesabu zake ziliishia kwenye vipimo vya nguo, na mambo ya ofisi ya mitihani aliyaogopa. Alichojua ni kwamba mwisho wa kupeleka maombi ni Ijumaa, na kwamba mtoto wake si wa ishirini na tisa. Siku tatu akawa anakanyaga cherehani na kukosea mishono ambayo angeishona amefumba macho.

Alhamisi asubuhi nesi wa zahanati ya jirani alikuja kuchukua magauni yake mawili ya kazi. Moja lilikuwa tayari, la pili fundi alikuwa analipiga pasi. Nesi si mtu wa kukaa kimya. Alilivuta daftari mezani akaanza kupekua, eti aone kama amenenepa tangu mwaka jana.

"Fundi, wewe vipimo vyangu hujaandika," alisema. "Oda yangu hii hapa. Halafu ni kurasa tupu, tupu, tupu."

"Geuza daftari, dada," fundi alijibu, macho kwenye pasi. Alikuwa ameyasema maneno hayo mara elfu.

"Nigeuze vipi?"

"Lifunge, lipindue, fungua kwa nyuma."

Nesi akageuza. "Ehee! Kumbe nimejificha huku! Makubwa. Sasa mtu asiyewajua si ataona karatasi tupu aseme kazi imeishia hapo?"

Mkono wa fundi ulisimama, na pasi nayo ikasimama, juu ya mkono wa gauni.

"Fundi, unaniunguzia!" nesi alipiga kelele.

Gauni lilishaungua, alama ya kahawia yenye umbo la pasi kamili. Fundi aliiweka pasi pembeni, akasema atamshonea jingine, na wala hakusikia nesi alimjibu nini. Alikuwa ameshageuka kuelekea nyuma ya kibanda, walikokaa Futi na shangazi yake na kopo la vifungo.

"Futi! Kwenye ule mtihani mlipewa karatasi mojamoja, au kitabu?"

"Kitabu," Futi alisema, akishangaa. "Shuleni tulizoea karatasi mojamoja, lakini kwenye mtihani wa mwisho wanatoa kitabu kilichobanwa pini."

"Ukaandikaje humo?"

"Kawaida tu, Baba. Maswali mafupi niliyaweka mbele. Yale marefu, yenye michoro na hesabu za kupima, nikayaweka nyuma."

"Nyuma vipi?"

"Nyuma, si nilikigeuza. Kama tunavyo..."

Hakumaliza. Mdomo ulibaki wazi.

"Katikati zilibaki kurasa ngapi?" fundi aliuliza taratibu.

"Kama sita."

"Tupu?"

"Tupu," alisema Futi.

Kopo la vifungo lilimponyoka shangazi. Vifungo vilitawanyika sakafuni, vingine vikaingia chini ya cherehani, na hakuna aliyeinama kuviokota. Nesi, ambaye hakuelewa hata chembe lakini hakutaka kupitwa, alivuta kiti akakaa.

Futi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka kilio, na baba yake akamkumbatia pale pale na vumbi la chaki ya kuchorea vitambaa mikononi, akamchafua mgongo mzima.

"Watasema ni uzembe wangu," Futi alisema akiwa kifuani kwake. "Nani anayeandika mtihani kutoka nyuma?"

"Waseme. Lakini waseme wakiwa wameshausoma."

Ijumaa walikuwa ofisi ya mitihani kabla mlango haujafunguliwa. Fundi alivaa shati lake la heshima, ambalo kwa kweli lilikuwa la mteja aliyehama bila kulichukua. Dirishani alikaa karani mmoja mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Aliwapa fomu, akawaonyesha visanduku viwili. Cha kwanza ni kujumlisha alama upya, cha pili ni kusahihisha upya. Chini yake palikuwa na mistari mitatu ya kuandika sababu ya ombi.

Futi aliweka alama kwenye kisanduku cha pili, akasogeza kalamu kwenye mistari. Baba yake akamshika mkono.

"Hapo naandika mimi."

"Baba, na mwandiko wako ule?"

Haikuwa dharau, ilikuwa kweli tupu. Herufi za fundi zililala kila moja upande wake, ndiyo maana alimkabidhi daftari mtoto wa miaka saba. Lakini siku hiyo aliing'ang'ania kalamu. Aliandika polepole, kiganja cha kushoto amekikinga kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu, na mistari mitatu ilipojaa akapandisha maneno pembeni mwa karatasi. Kisha akaikunja fomu mwenyewe na kuipitisha dirishani, Futi asiione.

Karani alisoma. Akavua miwani, akamtazama fundi, akaivaa, akasoma tena.

"Nani kakushauri uandike hivi?"

"Hakuna. Ndivyo ilivyo."

Karani aligonga muhuri. "Wiki sita," alisema. "Na mimi siahidi kitu, mzee. Mimi ni wa kupokea tu."

Wiki sita hizo fundi alikuwa hafai kwa lolote. Alinunua madaftari mawili mapya, jekundu la oda na la bluu la vipimo, na lile la zamani akalifukia chini ya vitambaa kama kitu cha aibu. Mpango ukamshinda tangu siku ya kwanza. Alishika la bluu akalipindua kwa mazoea, akaandika kifua cha mteja nyuma, akakumbuka, akachana karatasi. Shangazi alimwambia kwamba akiendelea hivyo madaftari yatakwisha kabla hayajaanza. Fundi alinuna. Usiku na mchana alikuwa na wazo moja tu, kwamba yeye, kwa mikono yake na kwa upendo wake wote, ndiye aliyemfungia mtoto njia.

Futi alirudi mezani kuandika vipimo, maana kazi ilikuwa nyingi. Futi ya kupimia ilibaki kwenye msumari.

Barua ya majibu ilipokuwa tayari, Futi aliifuata peke yake. Alirudi alasiri, akasimama mlangoni na bahasha iliyofunguliwa.

"Ngapi?" shangazi aliuliza. Yeye hajawahi kusubiri kitu maishani mwake.

"Themanini na nne."

Shangazi alipiga ukelele ambao ulimfanya fundi wa kuchomelea vyuma, ng'ambo ya barabara, azime mashine yake na kuuliza ni nani aliyefariki. Fundi cherehani alikaa.

"Wameambatanisha na fomu yetu," Futi alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefaulu. "Nimeisoma njiani, Baba."

"Kuna haja gani ya kusoma mafomu," fundi alisema, akitafuta mkasi ambao alikuwa ameushika.

Futi alisoma kwa sauti:

"Aliyesahihisha hakukosea. Mwanangu naye hakukosea. Mimi ni fundi cherehani, nilimfundisha kuandika vipimo kuanzia nyuma ya daftari, na yeye hushika ninachomfundisha. Akikosa chuo, aliyemkosesha ni mimi. Hesabu zake ziko huko nyuma. Naomba mgeuze kitabu."

Pembeni, kwa wino mwekundu na mwandiko ambao hawakuujua, paliandikwa neno moja. Futi alilisoma pia: "Tumekigeuza."

Hata shangazi alitulia, jambo ambalo halijapata kutokea tena.

Futi aliikunja barua, akaenda mezani. Daftari jekundu alilitia kwenye mkoba wake, akasema hilo ni la chuo, na huko ataanzia mbele kama watu wengine. La bluu akalipindua juu chini, akalifungua kwa nyuma, akampa shangazi na kalamu. Kisha akaenda kwenye msumari akatwaa futi yake.

"Baba, simama."

"Nisimame nini?"

"Nikupime."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpima fundi. Nguo zake zilikuwa za mabaki ya vitambaa, au za wateja waliosahau kurudi.

"Mshahara wangu wa kwanza nakushonesha suti," Futi alisema. "Mpya. Kwa fundi mwingine."

"Kwa fundi mwingine!" Fundi alisimama mwenyewe kwa hasira. "Yupi? Yule wa kwenye kona anayeshona mikono mifupi?"

"Simama wima. Shangazi, andika. Bega, arobaini na sita."

Alipima mabega, mikono, kifua. Alipima haraka na sawasawa, jinsi alivyofundishwa, kidole kimoja chini ya futi isibane. Alipofika tumboni alisimama.

"Baba, usivute tumbo. Suti itakusuta."

Fundi hakuwa anavuta tumbo. Alikuwa ameshikilia pumzi asilie mbele ya dada yake, ambaye angeitangaza habari hiyo mpaka sokoni. Akaiachia, na machozi yakaja nayo. Futi alikuwa amemzungushia mikono yote miwili kiunoni na futi ndani yake, na kipimo kilishapatikana, lakini mikono hakuitoa. Alikaa hivyo, shavu kwenye shati la mteja aliyehama, kisha akamwambia shangazi aongeze sentimita mbili.