Paka wa Wakesho Ndani ya Blanketi

Jumatatu, tarehe 14 Februari, mwaka 1921, Wakesho aliteremka mlimani akimpeleka paka wake mjini Voi kwa daktari wa mifugo. Paka huyo alikuwa amevunjika mguu, naye ndiye pekee aliyebaki nyumbani tangu mume wa Wakesho aende vitani asirudi. Alimviringisha kwa blanketi, kama tufanyavyo sisi watu wa ukungu na baridi ya mlimani kwa kila mgonjwa, akamtia kapuni, akalifunga juu, akalibeba mgongoni.

Huko Mraru, chini ya mlima kwenye njia ya Voi, jua lilikuwa kali. Mwinyihaji, mwenye duka, akamtania, "Mama, ndizi hizo umezificha zisiibiwe?"

"Ndizi gani, baba? Ni paka mgonjwa."

"Basi mfungulie apate hewa!"

"Akipigwa na baridi je?"

"Baridi! Hapa Mraru?" Mwinyihaji akacheka sana. Wakesho alidhani bado anataniwa, akaenda zake.

Daktari alipofungua kapu, paka alikuwa amekwisha kufa kwa joto. Akaushika ule mguu, akasema polepole, "Huu ungepona."

Wakesho akalifunga tena kapu. Hakukuwa na mtu wa kumrudia nyumbani.

Ewe uliyesoma, tafadhali mweleze na jirani yako: mnyama mgonjwa asafiri katika kapu linalopitisha hewa.