Mpira Uliomwangukia Nereida

Nereida Mota alikuwa Jogoo tangu hajazaliwa. Baba yake aliichezea timu ya besiboli ya Majogoo ya Sabana Honda, marehemu mumewe aliichezea, na sasa Danilo, mwanawe wa pekee, ndiye alikuwa mrushaji wao. Saluni yake ilipakwa nyekundu ndani na nje, na mteja aliyethubutu kusema neno baya juu ya Majogoo alikuwa katika hatari ya kutoka mle nywele nusu zimenyooshwa, nusu bado.

Ndiyo maana hakumwambia mtu siri iliyomkaa rohoni msimu ule. Alikuwa amewapenda watu wa Batey Cuchilla, kambi ya mashamba ya miwa.

Hao walikuwa wakata miwa, kumi na mmoja kwa jumla, waliokuja uwanjani wamepanda tela la miwa. Glavu walikuwa nazo sita. Kila walipoingia uwanjani kudaka, iliwabidi waombe tatu kwa wapinzani wao, na wiki za mwanzo wapinzani waliwapa huku wanacheka. Kisha Cuchilla wakaanza kushinda, na glavu za kuazima zikaanza kupotea ghafla. Jumapili moja mchezaji wao wa pembeni alisimama mikono mitupu. Mpira ulishuka kutoka juu sana, naye akaupokea kifuani kwa viganja viwili kama anayepokea mtoto mchanga kutoka kwa mkunga. Nereida alishtukia amesimama, anapiga makofi.

"Vipi, shemeji? Umeumwa na siafu?" aliuliza Anselmo, mdogo wa marehemu mumewe, mpiga ngoma mkuu wa Majogoo.

"Mguu umekufa ganzi," alijibu, akaketi.

Zaidi ya wote alimhusudu mrushaji wao, Wilner Pié. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na hakuwa na nguvu ya kurusha mpira kwa kasi. Mpira wake ulikuja taratibu, kama mgeni asiye na haraka, na ulipofika mbele ya mpigaji ulipiga magoti. Vijana wenye misuli walikata hewa kwa magongo yao wakabaki wanatazamana. Timu tano zilikwishapita mikononi mwake. Ya sita, siku ya fainali, ilikuwa Majogoo.

Mshindi angekwenda mji mkuu kucheza mbele ya watu wanaochagua wachezaji wa kulipwa. Danilo alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wiki nzima alikuwa hali vizuri.

Familia ya Mota ilikaa palepale ilipokaa siku zote, kona ya kushoto, nyuma ya uzio, karibu na mlingoti wa chuma wa mpaka. Mchezo uliingia mzunguko wa tisa, ambao ndio wa mwisho. Majogoo tatu, Cuchilla mbili. Wapigaji wawili wa Cuchilla walikuwa wametolewa, na mwenzao mmoja alikuwa amesimama kituo cha pili. Akitolewa mmoja zaidi, ngwe yao imekwisha na kombe ni la nyumbani.

Aliyekuja na gongo alikuwa Wilner mwenyewe.

"Mmoja tu! Mmoja tu!" uwanja mzima uliimba. Anselmo aliicharaza ngoma hadi jasho likamtiririka. "We mzee! Rudi shambani, miwa inakulilia!"

Nereida hakuimba. Alikuwa akilitazama bega la mwanawe. Lilikuwa limeshuka kidogo, kama la baba yake alipochoka. Usimrushie katikati, mwanangu, aliomba. Danilo akarusha katikati.

Mlio wa gongo ulikuwa mkavu. Mpira ulipaa kuelekea kona yao, ukaingia kwenye jua, Nereida akaupoteza. Kisha, katikati ya makelele yote yale, alisikia chuma kikilia juu ya kichwa chake, ngo! Mpira ukamwangukia mapajani.

Mwamuzi wa upande wa kushoto alinyoosha mikono akionyesha kwamba mpira umetoka nje, Wilner arudi kupiga tena. Watu wa Sabana Honda walikumbatiana. Wa Cuchilla walimiminika uwanjani wakipiga kelele.

"Umegonga mlingoti! Umegonga!" Ukigonga mlingoti si wa nje, ni pointi, na kwa kuwa walikuwa wawili wa kurudi nyumbani, Wilner na yule wa kituo cha pili, Cuchilla wangeongoza nne kwa tatu.

Nereida aliugeuza ule mpira. Mlingoti ulikuwa umepakwa rangi kwa ajili ya fainali na haukuwa umekauka sawasawa. Ubavuni mwa mpira kulikuwa na alama ya manjano, pana kama kidole gumba.

Anselmo naye aliiona. Ngoma ilinyamaza.

"Shemeji," alinong'ona, "futa."

"Nifute nini?"

"Usijifanye mtoto. Tema mate, futa kwa sketi. Au nipe mimi niutupe huko nyuma."

Mwamuzi mkuu, Evaristo, mtu mnene aliyekuwa anahema kabla hata hajafika, alikuwa anakuja kwenye uzio. Nyuma yake alikuja Wilner, gongo bado mkononi.

"Mpira uko kwa nani?" Evaristo aliuliza.

Watu arobaini walitazama viatu vyao. Nereida aliufumba mpira ndani ya viganja, akainua macho mbali, hadi kule alikosimama Danilo. Mwanawe alikuwa amewapa kisogo.

"Yule ni mwanao, Nereida," Anselmo alisema, na safari hii hakunong'ona. "Damu yako!"

Nereida alisimama, akapitisha mkono juu ya uzio, akasema, "Umegonga chuma, bwana. Nimesikia. Na rangi hii hapa."

Evaristo aliutazama mpira kwa muda mrefu. Kisha akainua kidole na kukizungusha hewani. Nne kwa tatu.

Bia ilimwagika mgongoni mwa Nereida, hakugeuka kuona nani. Mtu alimwita msaliti, mwingine akamwita jina baya zaidi. Anselmo alichukua ngoma yake. "Kuanzia leo usiniite shemeji," alisema, akahamia upande wa pili wa jukwaa.

Mpigaji aliyefuata wa Cuchilla alitolewa, Majogoo wakabaki na ngwe yao ya mwisho. Wilner alirudi kurusha, na uchovu ulimwonekana. Vituo vyote vitatu vilijaa Majogoo, wawili wakatolewa, na aliyebaki ni mpigaji wao mkali kuliko wote. Nereida alikaa peke yake kwenye benchi iliyokuwa na watu kumi. Alitaka kumwomba Mungu lakini hakujua amwombee nani. Mpira wa kwanza ulikuja taratibu, ukapiga magoti. Wa pili vilevile. Wa tatu, kijana alizungusha gongo kabla mpira haujafika, akaangukia goti. Alikuwa amekosa mara tatu, na kombe ni la Cuchilla.

Wakata miwa walimrukia Wilner wote kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyetazama kona ya kushoto. Nereida hakupiga makofi.

Danilo alirudi nyumbani jua linazama. Mama yake alikuwa amempakulia wali na maharagwe, naye alikaa bila kushika kijiko. Nje vijana wawili walipita wakipiga ukuta wa saluni kwa viganja.

"Sema, baba," Nereida alisema. "Nitukane nyumbani, kuliko kuninyamazia."

"Niliona, mama."

"Uliona nini?"

"Mpira uligonga mlingoti. Mimi nilikuwa nautazama tangu umetoka kwenye gongo. Rangi ilimeta." Alijifuta uso kwa kiganja. "Evaristo alikuja kwangu kwanza kabla hajaja kwenu. Akaniuliza. Nikamwambia jua lilinipiga machoni."

Nereida alivuta kiti, akakaa mbele yake. Vijana walirudi, wakapiga ukuta tena, kwa nguvu zaidi. Danilo alisimama ghafla, akaenda kufungua mlango.

"Danilo, waache!"

"Siendi kupigana," alisema. "Nakwenda kuwaambia."

Alitoka. Nereida aliwasikia wale vijana wakicheka, kisha akasikia sauti ya mwanawe, ya chini, ikieleza. Kicheko kilikatika.