Kibali cha Mti wa Uani

Upepo ukivuma kidogo tu, fundi cherehani alitoa mguu kwenye pedali akakimbilia uani kuutazama mti. Ulikuwa umekiinamia chumba cha mama yake, bibi wa miaka themanini na moja ambaye hata hakuwa na habari nao.

"Utavunjika shingo kwa kuangalia juu," mama alimtania. "Keti ushone."

Hakuketi. Tangu tawi moja lianguke na kutoboa bati la jikoni, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Lakini sheria ilikuwa wazi: mti ambao mtu mmoja hawezi kuukumbatia haukatwi bila kibali cha halmashauri, hata kama uko ndani ya ua wako. Akaomba kibali. Bwana Miti, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita afisa wa halmashauri, alikuja, akaligonga shina kwa nyundo ya mbao, akatega sikio kama daktari, kisha akapigilia kibao chenye namba.

"Mzima huu, dada. Sheria inaulinda."

"Na mama yangu analindwa na nani?"

Bwana Miti alikuna kichwa. "Kata rufaa. Mimi nitaandika nilichokiona."

Akakata rufaa. Wiki saba, kimya. Kila alipokwenda kuuliza aliambiwa faili liko mezani; meza ya nani, hakuna aliyejua. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Adhuhuri moja, mama akiwa amejilaza, alichukua keekee ya shemeji yake, akatoboa mashimo manne chini ya shina, akamimina dawa ya kuua magugu na kuyaziba kwa udongo. Ukikauka watakuja kuukata wenyewe, alijisemea. Jioni ile uzi ulikataa kuingia kwenye sindano.

Siku ya tisa majani yakaanza kugeuka manjano. Siku ya kumi na moja Bwana Miti akabisha hodi, karatasi mkononi, meno yote nje.

"Rufaa imepita! Jumatatu tunapunguza matawi ya upande wa mama, halafu tunaufunga kwa nyaya za..." Alikuwa ameyaona majani chini.

Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi wa fundi: sijui umepatwa na nini. Badala yake akauliza, "Watu wako watapanda juu?"

"Wawili."

"Wasipande. Nimeutilia sumu."

Bwana Miti aliketi kwenye kizingiti. Afadhali angefoka.

"Siku kumi na moja tu, dada. Ungengoja siku kumi na moja."

"Ningejuaje?"

Bwana Miti aliikunja ile karatasi.

Mama alihamishiwa kwa shemeji, na mti ukashushwa kipande kwa kipande kwa winchi. Mbele ya baraza la halmashauri, fundi hakujitetea. Aliamriwa apande miche sita kando ya barabara na kuitunza miaka mitatu. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisimama.

"Nimekosa, nakubali. Lakini naomba kujua: faili langu lilikuwa kwenye meza ya nani?"

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akaandika kitu, akafunga daftari.

Mama aliporudi alikuta chumba chake kinawaka jua tangu asubuhi. Hakumlaumu mtu. Aliomba tu atafutiwe pazia zito.