Kompyuta Chini ya Kitambaa

Ndolo alinunua kompyuta ya mezani, akaifunika kitambaa cha kufuma, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikaa sebuleni pale Kathiani, kati ya kabati la vyombo vya wageni na picha ya harusi, na kila asubuhi yeye mwenyewe alipita kukinyoosha kile kitambaa. Kuiwasha? Ingechakaa! Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, na akili ya kuku anayeatamia viazi. Hivyo ndivyo Kaluki, mkewe, alivyomwona, wala hakuona haya kumwona hivyo.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na michoro ya Kaluki. Miaka yote aliyokata nguo kiwandani kule EPZ Athi River ilikuwa imelala humo: sare, magauni, makoti, kila mtindo aliobuni mwenyewe. Aliiingiza mwanzoni, kabla kitambaa hakijawa sheria. Bila michoro hiyo hapangekuwa na lile duka la ushonaji alilopanga kufungua Kangundo. Angebaki kupiga pasi kitambaa cha kompyuta.

Kisha Ndolo akasikia jambo redioni, tena nusunusu.

"Mama Muli, hii kitu iko na vyeti ndani, na vinaisha mwezi wa sita! Baada ya hapo haiwaki tena."

"Itawaka tu, Baba Muli. Nimesoma kwa simu. Hivyo vyeti ndio inatumia kukagua programu ikianza kuwaka, isiingiliwe na wezi. Vikiisha, haitakuwa inapata kinga mpya. Zenye zinatumiwa zinaletewa vipya polepole. Yako imelala."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuiwashe."

"Tuiwashe iharibike?" Ndolo akacheka kicheko cha mtu aliyemnasa mjinga. Akachomoa waya ukutani, akaongeza kitambaa cha pili.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kaluki alimtazama akivinyoosha vitambaa vyake viwili, akamdharau taratibu, bila haraka.

Alingoja mume aende kikao cha kanisa. Akavua vitambaa, akaurudisha waya ukutani, akaiwasha, na kabla ya lolote akanakili michoro yote kwenye flashi, akaitia mfukoni. Ndipo akaiunganisha na intaneti ya simu. Ikapokea programu mpya, ikazima, ikawaka, hadi zamu ikafika ya programu ya msingi, ile ya kuiamsha mashine, kutoka kampuni iliyoitengeneza; bila hiyo vyeti vipya havingeingia. Skrini ikawa nyeusi, na maandishi meupe yakaonya: usizime.

Hapo Ndolo akaingia, Biblia kwapani.

"Unaiua!" Akaruka, akang'oa waya.

"Baba Muli, imeandikwa usi—"

"Nyamaza! Nimeiokoa. Shukuru Mungu kikao kimeisha mapema."

Alipotoka, Kaluki aliurudisha waya, akabonyeza. Hakuna hata taa. Mashine ilikuwa imekufa fofofo. Alikusudia kumwambia wakila, lakini Ndolo alikuwa angali akijisifu, naye akaona ukweli ni kitu kizuri mno kumpa mtu kama huyo.

Duka likafunguliwa Kangundo. Kazi ya kwanza ilitoka nyumbani: wazee wa kanisa walikuwa wanakuja, na Ndolo alitaka kifuniko cha heshima. Kaluki akapima, akakata, akashona kwa uangalifu wote. Kikaienea mashine kama sanda.

Wazee walikunywa chai wakikitazama.

"Na inafanya kazi vizuri?" mmoja akauliza.

"Hiyo?" Ndolo akaegemea kiti, mikono tumboni. "Haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Kaluki akamwongezea chai.